Radhi Niliyomnyima Shoga Yangu

Mimi sipendi ndege. Niliseme mapema, asije mtu akadhani ninajigamba kwa kuipanda. Chuma kizito namna ile, kimejaa watu na masanduku, kinakwenda juu kwa ujasiri gani? Nimezaliwa Msambweni, nimefundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, na safari zangu zote za maana nimezifanya magurudumu yakiwa chini. Lakini mwaka ule mkutano wa vikundi vya kujitolea ulikuwa Nairobi, na mfadhili mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Diani akasema wazee hawa hawawezi kukesha kwenye basi. Akatukatia tiketi tatu za ndege: ya mwenyekiti wetu, yangu mimi, na ya shoga yangu.

Kikundi chetu ni kidogo. Kila asubuhi twaingia wodini, hospitali ya Msambweni, na birika za uji, tunakaa na wagonjwa wasio na jamaa karibu: mvuvi aliyeletwa kutoka mbali, kibarua wa hoteli ambaye kwao ni bara, bibi kizee ambaye watoto wake hawashiki simu. Tunawanywesha, tunawachana nywele, tunawapigia soga. Na tuna sharti moja, alilileta shoga yangu mwenyewe: mgonjwa haulizwi ugonjwa wake. "Daktari keshamuuliza, muuguzi keshamuuliza, mpaka bawabu wa getini keshamuuliza," alikuwa akisema. "Sisi tumeleta uji. Akitaka kusema, atasema." Sharti zuri, wallahi, na wagonjwa walitupenda kwalo. Ila tulijizoeza kutouliza mpaka tukawa hatuulizani hata sisi kwa sisi.

Ndiyo maana shoga yangu alipoanza kunipotea, sikumuuliza. Kwanza alikosa kuja siku mojamoja, kisha wiki nzima. Akija, anakaa mbali karibu na mlango, ananukia udi na marashi kama bibi harusi wa jana. Nikimwambia twende sokoni, ana shughuli. Nikimwambia nitapita kwake alasiri, hatakuwepo. Mimi nina hasira za karibu, hilo linajulikana kuanzia Gazi hadi Shimoni, nami nilikasirika hasa. Tumepika pamoja, tumelea pamoja, tumezika waume zetu tukishikana mikono, leo ananikwepa kama mtu wa mkopo? Nilidhani nimemkosea. Halafu nikadhani amenichoka. Mwisho akamwambia mwenyekiti, wala si mimi, kwamba mkutano wa Nairobi ukiisha anajitoa kikundini. Siku hiyo nililia jikoni mpaka mchuzi ukaungua. Kikundi bila yeye ningekivumilia. Mimi bila yeye, hapana.

Kwetu mtu hasafiri hivihivi bila kutaka radhi. Unawapitia ndugu, unawapitia majirani, hata yule mliyegombana kwa sababu ya kuku wake, unamwambia, "Nasafiri, niwie radhi." Naye anakujibu, "Nimekuwia radhi, nawe niwie." Basi moyo unakuwa mwepesi, maana anayeondoka hajui kama atarudi. Mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa karani wa korti ya kadhi kabla hajastaafu, jambo hili alilishika kwa mikono miwili. Pale uwanja wa ndege wa Ukunda alimtaka radhi kila aliyesimama: aliyepima mizigo, aliyefagia, mpaka askari wa langoni, mtu wa bara, ambaye alicheka akamwambia, "Mzee, unaenda Nairobi, si kaburini."

"Njia ni moja, mwanangu," mwenyekiti akamjibu.

Nilimngoja shoga yangu aje kwangu. Hakuja. Aliketi kwenye benchi mwisho kabisa, amevaa buibui lake jeusi, na chini viatu vya kufunga na soksi nene za sufu. Joto la Ukunda lile, na soksi! Nikasema moyoni, haya, mwenzetu ameshakuwa Mzungu, hatutaki tena sisi. Nami nikaziba mdomo. Nilikuwa mkubwa kuliko yeye kwa umri, na kwa desturi mdogo ndiye anayeanza. Tukapanda ndege bila kutakana radhi. Na nani aliyepangiwa kiti ubavuni mwangu? Yeye.

Ilikuwa ndege ndogo ya mapangaboi mawili, imejaa watalii wanaorudi kwao na wafanyakazi wa mahoteli wanaokwenda likizo. Mwanzo, sitadanganya, palipendeza. Bahari ilikuwa chini imetulia, mikoko ya Gazi kama mboga iliyomwagwa. Rubani akatangaza kwamba mbele kuna mvua, na kwamba tutapata mtikisiko kidogo.

Kidogo! Lahaula. Ndege ile ilidondoka kwanza, sijui kutoka wapi kwenda wapi, moyo wangu ukabaki juu. Ikadakwa na kitu, ikarushwa upande, ikadondoka tena. Mikoba ikaanguka kutoka juu. Nje ya dirisha palikuwa peupe tupu, huoni hata bawa. Mpishi mmoja wa hoteli, aliyekaa ng'ambo ya njia, akanigeukia kwa tabasamu. "Mathe, tulia, ni mawingu tu." Nikamshukuru. Haikupita muda nilimsikia yuleyule akimwita Ngai, Mungu kwa lugha ya kwao, kwa sauti iliyotushinda sisi sote.

Mwenyekiti alikuwa kiti cha mbele yetu, anasoma dua kwa kasi. Ilipodondoka mara nyingine akakata dua katikati, akapiga ukelele, "Jamani, tutakane radhi! Mimi kwanza! Zile kaimati za Ijumaa mlizokuwa mkinipa niwapelekee walinzi wa hospitali, sikuwapelekea hata siku moja. Nilikuwa nazila mimi! Niwieni radhi!"

"Zote?" nikapaza sauti, na kufa kwangu kote kule.

"Zote!" akajibu, analia.

Ningecheka kama ningekuwa na pumzi. Kisha tukaanza kushuka. Tukatoka mawinguni, nikaona mabati ya Nairobi yanang'aa kwa mvua, nikaona barabara na magari, nikaanza kusema alhamdulillahi. Sijaimaliza, injini zikanguruma, pua ya ndege ikainuka, tukarudi juu kulekule tulikotoka. Mtalii mmoja akaanza kulia. Rubani hakusema kitu. Hapo nami nikaamini kwamba basi, yamekwisha, na nitazikwa bara kwenye baridi.

Mkono wangu ukashikwa. Ulikuwa mkono wa shoga yangu, umelowa jasho, umenibana mpaka pete ikaniuma.

"Niwie radhi," akasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kukukwepa. Sikukuchoka, wallahi sikukuchoka. Nina kidonda."

Akayamwaga yote, mdomo wake sikioni mwangu, ndege ikituchekecha. Alikuwa na kisukari, hilo nililijua, ila aliniambia kimetulia. Kumbe hakijatulia. Alikanyaga gamba la chaza pwani, na kwa kuwa mguu ulishaanza kufa ganzi, hakuhisi. Alipokuja kuona, kidole cha mwisho kimevimba. Akakiosha kwa maji ya chumvi na kukifunga kitambaa, jambo ambalo sisi wenyewe tunawakataza watu kila siku. Sasa kimekuwa cheusi na kinanuka. Ndiyo maana ya udi. Ndiyo maana ya soksi. Ndiyo maana ya kukaa mlangoni.

"Mimi na wewe tumewashika mikono wangapi wakirudi wodini mguu haupo?" akaniambia. "Najua kinachofuata. Mimi siwezi. Nimeamua nikae nacho nyumbani mpaka Mungu atakapoamua. Lakini sitaki kufa nimekuficha. Niwie radhi, dada yangu."

Nilifungua mdomo nimjibu. Kilichotoka ni mahamri na mbaazi za asubuhi, zote, kwenye mfuko wa karatasi ambao ashukuriwe aliyebuni kuuweka pale. Sikusema neno hata moja mpaka magurudumu yalipogusa lami.

Watu walipiga makofi, wakakumbatiana wasiojuana. Mwenyekiti akataka kusujudu papo hapo chini ya bawa, wafanyakazi wa uwanja wakamwomba kwa adabu asogee pembeni kwanza. Mvua ilitunyeshea, nami sikujali. Nilikuwa hai. Tukaingia ukumbini kungoja mizigo, na nilipokuwa nanawa uso kwenye sinki, shoga yangu akaja akasimama nyuma yangu. Rangi ilikuwa imemrudia. Na ukaidi wake pia.

"Yale ya kule juu tuyaache kulekule juu," akasema.

"Nimekusikia."

"Usimwambie mtu. Maneno ya radhi ni amana."

"Simwambii mtu."

"Lakini umeniwia radhi?"

Sijui nililitoa wapi jibu. Labda ni hasira ya miezi yote ile, labda ni hofu, labda ni tumbo tupu.

"Hapana," nikasema. "Sijatoa. Nilikuwa natapika."

"Basi toa sasa."

"Siku utakayovua soksi hiyo mbele ya daktari, nitatoa. Kabla ya hapo sahau."

Aliniangalia kama niliyemchapa kofi. Na alikuwa na haki. Kwetu radhi hainyimwi. Mwizi wa mbuzi akija kuitaka, atapewa huku anatukanwa, lakini atapewa. Kumnyima mtu aliyekutaka radhi ni kumwacha atembee na mzigo mpaka mbele ya Mola wake. Nami nililijua hilo vizuri. Lakini niliapa kutosema, na kumburuta mtu mzima hospitalini siwezi. Nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi anachokihitaji, nikakibana.

Mkutano wenyewe ulikuwa mzuri, kwa wale waliokuwa na roho ya kuufurahia. Watu walikuja kutoka kila upande wa nchi: wanaosoma magazeti kwa vipofu, wanaopanda miti, wanaofundisha wafungwa kushona. Chai ilikuwa nyepesi, baridi ilikuwa nzito. Zamu yangu ilipofika nikasimama kueleza habari za uji wetu, na jinsi tusivyomuuliza mgonjwa ugonjwa wake. Ukumbi ulipiga makofi. Kule nyuma nilimwona shoga yangu ameketi na mguu wa kushoto ameuficha chini ya kiti, nikayaacha maneno niliyoyaandaa. Nikasema tu, "Lakini sisi tunaobeba birika tuulizane. Nawaomba sana, tuulizane." Kisha nikakaa. Walipiga makofi tena, wakidhani ndiyo hotuba ilivyopangwa.

Wakati wa chakula mwenyekiti akanijia na sahani yake, uso umekunjamana. Shoga yangu alikuwa amekwenda kumshitakia.

"Mama, umemnyima mwenzio radhi?"

"Ndiyo."

"Wewe? Mtu mzima, mwenye kuswali? Mimi mla kaimati mmenisamehe, yeye amefanya nini cha kumzidi?"

"Muulize yeye ninamnyima kwa nini. Akikwambia, nami nitampa sasa hivi mbele yako."

Akamgeukia mwenyewe, aliyekuwa meza ya jirani. Shoga yangu akakoroga supu yake, akaikoroga, akaikoroga. Mwenyekiti akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema wanawake wa Msambweni Mungu ametuumba kwa udongo wa peke yake, akaenda kutafuta pilipili.

Shoga yangu hakula, maskini. Wala mimi sikula. Sitaki mtu adhani nilikuwa shujaa, kwa sababu kila nilipomwona akichechemea kwenda msalani nilitaka kumkimbilia nimwambie basi, chukua, nimekupa, yaishe. Halafu nikawa nakiona akilini kile kidole cheusi. Nikaibana radhi yangu.

Tulirudi kwa ndege ileile siku ya pili. Mbingu ilikuwa safi, na ndege ikateleza kama iliyopakwa samli. Nilikereka! Pale nilipotaka itikisike angalau kidogo, ikuze hofu, iseme naye kwa niaba yangu, haikuyumba hata chai kumwagika. Yeye alikaa dirishani, amenipa kisogo. Nikaanza kuamini kwamba nimepoteza vyote, urafiki na mguu, kwa ukaidi wangu mwenyewe. Nikamwomba Mungu anisaidie kwa njia yoyote anayoiona yeye, isipokuwa ile ya safari ya kwanza.

Ukunda, mkwe wa mwenyekiti alikuwa amekuja na gari kutuchukua. Tukaingia. Mkwe akauliza twende kwa nani kwanza.

"Msambweni," akasema shoga yangu.

"Nyumbani, mama?"

"Hospitali. Na mtu asiniulize."

Hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti alinitazama kwenye kioo, sijui kama alielewa. Njia nzima nilikuwa nimeushika mkoba wake mapajani mwangu kwa mikono miwili, nikimshukuru Mungu kimyakimya mpaka midomo ikakauka.

Sitaeleza nilichokiona soksi ilipovuliwa. Daktari, binti mpole wa Kwale, aliinama akakitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia bila kuzunguka: kidole hakiokoleki, lakini mguu bado unaokoleka, na ungeendelea kungoja ungekwenda wote mpaka gotini. Na roho ingefuata. Watamlaza, watashusha sukari, na asubuhi watamkata kidole. Shoga yangu akauliza, "Mguu utabaki?" Daktari akasema, "Ukikaa hapa leo, naamini utabaki." Akakaa.

Watu hushukuru ndege ikitua salama, nami nilishukuru hilo. Lakini jioni ile, nilipokuwa namkunjia buibui lake kando ya kitanda, niliishukuru mvua ya Nairobi, nikayashukuru yale mawingu, nikamshukuru hata rubani kwa kushindwa kutua mara ya kwanza. Kama ile ndege ingepita kimya kama ilivyorudi, shoga yangu angenyamaza na kidole chake, nami ningenuna na kiburi changu, na siku moja ningeitwa kwenda kumwosha.

Asubuhi kikundi kizima kilikuja. Mwenyekiti alikuwa ameshaambiwa, macho mekundu, ameleta kaimati za kununua kwa fedha zake na kuwagawia walinzi wote getini. Mimi nilimfuata shoga yangu mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, wamemvisha kofia ya kijani, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Muuguzi akatuachia kidogo.

"Nimevua soksi," akaniambia. "Nipe changu."

Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, na halikuja hata moja. Nilimshika mashavu kwa mikono yangu yote, machozi yananidondokea mpaka kwenye shuka lake, nikasema, "Nimekuwia radhi. Dunia na akhera. Ya jana na ya kesho."

Akashusha pumzi, akafumba macho. Muuguzi akaanza kusukuma kitanda. Ndipo nilipogutuka kwamba jambo halijakamilika, maana radhi inakwenda na kurudi, na mimi ndiye niliyemtesa mwenzangu, nikamlaza na njaa ugenini. Nikakikimbilia kitanda, nikashika chuma chake.

"Nami niwie radhi, shoga yangu!"

Akageuza kichwa kwenye mto, akanitazama na lile jicho lake la ujeuri ambalo nilikuwa sijaliona kwa miezi mingi.

"Yako sikupi," akasema. "Mpaka nitoke."

Alitoka adhuhuri, mguu wake wote kasoro kidole kimoja. Amerudi wodini na birika lake, anavaa ndara pana, na mwenzetu yeyote akikosa kuja anamwendea nyumbani kumuuliza ana nini. Ile radhi yangu hajanipa mpaka leo, nami simkumbushi.